Sola Inayokunjika kama Mkeka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Milembe alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine kijijini Mwabuhalo aliyekuwa nayo. Alichota maji kwenye kopo, akachukua ufito mrefu uliofungwa kitambaa kwenye ncha, akaenda zahanati. Huko aliegemeza ngazi ukutani, akapanda mpaka kwenye ukingo wa paa, na kwa ule ufito akafuta vumbi juu ya sola. Akishamaliza, alishuka na kuingia stoo ya nyuma iliyokuwa na betri. Juu ya betri, ukutani, kulikuwa na kisanduku chenye taa tatu ndogo: ya kijani, ya njano na nyekundu.

"Leo imewaka ipi?" mama yake aliuliza kutoka chumba cha sindano.

"Ya kijani, mama."

"Wabeja, ng'wanawane," mama alimshukuru kwa Kisukuma. "Haya, mwanangu, wahi shule."

Mama yake, Benadetha, ndiye aliyekuwa nesi na mkunga wa zahanati hiyo. Saa hizo za asubuhi benchi lilikuwa tayari limejaa wagonjwa, wengine wametoka mbali upande wa Nkoma kwa baiskeli. Hakuwa na nafasi ya kuingia stoo. Kwa hiyo alimfundisha binti yake maana ya zile taa, akamwachia kazi. Kijani ilimaanisha betri imeshiba, na wanaweza kuwasha taa ya chumba cha kujifungulia bila wasiwasi. Njano ilimaanisha taa zote zizimwe, umeme utunzwe kwa ajili ya redio ya upepo peke yake. Nyekundu ilimaanisha mtu apande baiskeli aende Bariadi kumwita fundi.

Redio ya upepo ilikuwa mezani kwa mama yake. Simu hazikuwepo. Mgonjwa akizidiwa, Nesi Benadetha aliinua kipaza sauti chake, akaita hospitali ya Bariadi, na gari la wagonjwa likaja.

Sola yenyewe ililetwa na msimu wa pamba. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini kugombania pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Kila mnunuzi alikuja na maneno yake na zawadi zake. Mmoja alileta fulana, mwingine mbegu. Wakala mmoja aitwaye Januarius, kijana mchangamfu mwenye pikipiki, alileta sola kwa ajili ya zahanati.

Aliionyesha uwanjani watu wakiwa wamekusanyika. Haikuwa na kioo wala fremu ya chuma kama ile waliyoizoea kuiona kwenye nyumba ya mapadri. Ilikuwa nyembamba kama jani la mgomba, nyeusi, nyepesi kiasi kwamba aliishika kwa mkono mmoja.

"Hii ni ya kisasa," Januarius alisema. "Haivunjiki. Inakunjika kama mkeka." Akaikunja mbele ya watu, akaikunjua, akaikunja tena. "Ukitaka unaweza kuilalia."

Watu walicheka na kupiga makofi. Siku hiyohiyo akapanda paani, akapaka gundi, akaibandika juu ya bati. Jioni taa ikawaka chumba cha kujifungulia, na akina mama wengi waliosimama mlangoni walitazamana. Msimu ule, karibu kijiji kizima kilimuuzia Januarius pamba yake.

Mvua za kwanza zilipoanza mwezi wa Novemba, Milembe alikuwa darasa la sita. Asubuhi moja alichelewa kuamka. Rafiki yake Salu, aliyekuwa akienda naye shule, alimshikia ngazi huku akigeukageuka kutazama barabara.

"Fanya haraka, Milembe. Mwalimu wa zamu leo hana mchezo."

Kwenye kona ya mbali ya sola kulikuwa na mavi ya ndege yaliyoganda. Ufito haukuyatoa. Mama yake alikuwa amemkataza kukanyaga paa, lakini Milembe aliona ni hatua moja tu. Akavua viatu, akaweka mguu juu ya bati, na mguu wa pili akauweka juu ya sola yenyewe. Chini ya kisigino alisikia sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga ganda la karanga.

Aliganda. Kisha akafuta yale mavi upesi, akashuka.

"Nimesikia kitu," Salu alisema. "Kimelia nini?"

"Bati."

"Haikuwa bati. Tumwambie mama yako?"

"Tumwambie nini? Ile haivunjiki. Hukumwona Januarius alivyoikunja?"

Walikimbia mpaka shule.

Kesho yake, Milembe alipopanda, aliona mstari mwembamba kama unywele ukikatiza juu ya weusi wa sola. Alipoingia stoo, taa iliyokuwa inawaka ilikuwa ya njano. Alisimama mbele ya kile kisanduku akiitazama. Alijipa moyo kwamba ni mawingu. Jana kutwa kulikuwa na mawingu, na leo jua likitoka, betri itashiba.

"Leo imewaka ipi?" mama aliuliza.

Midomo ya Milembe ilikuwa imezoea jibu moja. "Ya kijani, mama."

Neno lilitoka jepesi sana, na hilo ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka. Siku iliyofuata ilikuwa njano tena. Angesema njano sasa, mama angeuliza imeanza lini, angeingia stoo, angepanda paani, angeuona ule mstari. Akasema kijani. Asubuhi baada ya asubuhi aliendelea kusema kijani, na kila mara aliposema alihisi kama mtu anayevuka korongo huku maji yakipanda, asiyeweza tena kurudi alikotoka.

Mama yake, akiamini betri imeshiba, aliwasha taa kila mwanamke alipokuja kujifungua. Mara moja alilalamika kwamba mwanga umefifia.

"Labda ni mawingu," Milembe alisema.

"Labda," mama akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Kisha asubuhi moja taa nyekundu ikawaka. Milembe alitoka stoo haraka. Mama hakuuliza siku hiyo. Alikuwa ameinama juu ya mtoto mwenye degedege. Milembe alijiambia atasema mchana, akitoka shule.

Mchana ule shangazi yake Eufrasia aliletwa zahanati.

Eufrasia alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, aliyejulikana kijijini kwa kuchuma pamba kuliko wanaume. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto, akasemwa kisimani na harusini, akanyamaza. Sasa mimba yake ilikuwa imetimia. Alipoona mpwa wake anatoka shule alijaribu kutabasamu, lakini uso wake ulikuwa umejaa jasho.

Nesi Benadetha alimpima, akatoka chumbani akiwa amekaza uso. Alimwambia baba yake Milembe, Zengo, kwa sauti ya chini.

"Mtoto amelala kwa kukingama. Hapa sina la kufanya. Anahitaji upasuaji Bariadi, na anauhitaji leo."

"Ita gari," Zengo alisema.

Nesi Benadetha alikwenda mezani, akawasha redio ya upepo. Kitaa chake kidogo kiliwaka. "Bariadi, Bariadi, hapa Mwabuhalo." Kitaa kikazimika. Alizima, akawasha tena. Kiliwaka kidogo kabisa, kama jicho la mtu anayesinzia, kikafa. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Nesi Benadetha alibonyeza, akabonyeza, akaita Bariadi kwenye redio isiyosikia. Milembe alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule begani. Alijua alichopaswa kusema, lakini kusema wakati ule kusingeleta gari.

Zengo hakungoja. Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakatandika majani na blanketi, wakamlaza Eufrasia na kumfunika turubai. Nesi Benadetha akapanda kando yake. Mume wa Eufrasia alitangulia kwa baiskeli kwenda kutafuta gari njiani. Mkokoteni ukaondoka taratibu, magurudumu yakizama kwenye udongo mweusi, na kila ulipotikisika Milembe alisikia sauti ya shangazi yake, mpaka mvua ilipoimeza.

Walipofika kwenye korongo, lilikuwa limejaa. Walikaa ukingoni wakingoja maji yapungue. Walipovuka, jua lilikuwa linazama. Lori la pamba liliwachukua upande wa pili.

Baba yake ndiye aliyerudi na habari kesho yake. Alifungua ng'ombe kwanza, akawapeleka zizini, akanawa mikono na miguu. Kisha akaketi kwenye kigoda.

"Shangazi yako yu hai," alisema. "Mtoto hakufika."

Alikuwa wa kiume. Walimzika Bariadi.

Milembe aliingia ndani, akajilaza juu ya kitanda akitazama ukuta. Hakula siku hiyo. Watu walidhani ni huzuni, wakamwacha.

Baada ya siku chache fundi aitwaye Paschal alitoka Bariadi kuja kukagua sola. Watu wengi walikusanyika kwenye uwanja wa zahanati, kwa sababu maneno yalikuwa yameshaanza kusambaa. Ilisemwa kwamba mlinzi wa zahanati, mzee Marcelo, alikuwa akiunganisha redio yake kwenye betri ya wagonjwa na kusikiliza muziki. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini mtu alimwambia mtu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa tayari amesema kwamba atafukuzwa kazi.

Mzee Marcelo alisimama mbele ya watu akiwa ameshika kofia yake.

"Redio yangu inatumia mawe, hizi betri ndogo," alisema. "Nayanunua dukani, mwenye duka anajua. Sikuigusa betri ya watu."

"Basi umeme ulikwenda wapi?" mmoja akauliza. "Kila asubuhi tuliambiwa betri imeshiba. Imeshiba, halafu mchana imekufa. Nani aliimaliza kama si mlinzi?"

"Mtoto wa watu amekufa, mzee," sauti nyingine ikasema nyuma.

Mzee Marcelo aliibana kofia kifuani. Macho yake yalianza kulowa.

Salu alikuwa amesimama karibu na Milembe. Alimtazama tu. Milembe aliona wazi kwamba anaweza kunyamaza mpaka mwisho. Mzee angeondoka, na hakuna ambaye angejua isipokuwa Salu. Akapita katikati ya watu mpaka mbele.

"Haikuwa imeshiba," alisema.

"Sema kwa sauti," mwenyekiti akamwambia.

"Betri haikuwa imeshiba. Ilikuwa njano siku nyingi, halafu ikawa nyekundu. Mimi nilisema kijani." Akaonyesha paa kwa kidole. "Niliikanyaga sola, ikalia. Niliogopa. Mzee Marcelo hakufanya kitu."

Milembe hakuthubutu kumtazama baba yake. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amerudi kutoka Bariadi asubuhi ile, akiwa bado amevaa gauni lile lile alilosafiri nalo. Mama yake alikuwa ameshika nguzo ya baraza kana kwamba zahanati yote ilikuwa inayumba.

Fundi Paschal alisogeza ngazi, akapanda. Alikaa paani kitambo, akagusa sola kwa kiganja, akautoa mkono haraka. Aliposhuka aliwaita watu karibu.

"Huyu mtoto amesema kweli, ufa wa kisigino upo," alisema. "Lakini kuna nyufa nyingine ambazo si zake. Ziko mistari mistari, kama kitu kilichokunjwa."

"Januarius aliikunja hapa hapa," Zengo alisema. "Alituambia inakunjika kama mkeka."

"Inapinda, baba, haikunjwi. Unaweza kuilaza kwenye paa lenye mbinuko kidogo, basi. Ndani yake kuna vipande vyembamba kuliko ganda la yai. Ukiikunja au ukiikanyaga vinapasuka, hata kama juu huoni kitu. Halafu mmeibandika kwenye bati. Bati la jua kali linaunguza mkono, na sola ikipata joto kupita kiasi umeme wake unapungua na inazeeka upesi. Ilitaka nafasi ya upepo chini yake."

"Kwa hiyo ni takataka," mwenyekiti alisema.

"Si takataka. Ni nyepesi, na kwa paa dhaifu lisilobeba kioo inafaa. Ila usiitegemee idumu kama ya kioo, na usiitegemee ibebe mizigo yote peke yake. Aliyewaletea alipaswa kuwaambia hayo. Huenda naye hakuambiwa. Siku hizi bidhaa zinaingia kwa wingi, kila mtu anauza, na wanaokijua wanachokiuza ni wachache."

Alifanya kazi mpaka alasiri. Aling'oa bati lote pamoja na sola iliyogandia juu yake, akaziba pengo kwa bati jingine, kisha akaliinua lile la sola juu ya vipande vya mbao ili upepo upite chini. Mzee Marcelo alimshikia misumari. Fundi alipopima, umeme ulikuwa umebaki kama nusu. Akakata waya wa taa ya chumba cha kujifungulia.

"Hii ni ya redio peke yake sasa," alimwambia Nesi Benadetha. "Taa tumieni karabai mpaka mpate sola ya kioo. Ukiwasha taa kwa umeme huu, redio itakufa tena."

Kabla hajaondoka, Nesi Benadetha aliita Bariadi kwa redio, na Bariadi ikajibu. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwenyekiti alimwomba radhi mzee Marcelo mbele ya watu. Mzee alivaa kofia yake, akasema amesikia, akaenda kukaa mahali pake getini.

Jioni mama alimkuta Milembe nyuma ya jiko akipepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

"Gari lingefika, mama?" Milembe aliuliza bila kuinua uso. "Kama redio ingesikia?"

Mama yake alikaa chini kwenye majani. "Sijui. Huenda lingevuka kabla korongo halijajaa. Huenda lingekwama. Hilo hatutalijua, si wewe wala mimi, na tutaishi hivyo." Akauweka ungo kando. "Nami nina langu. Nilikuwa na macho. Mwanga ulipofifia nilipaswa kuingia stoo mwenyewe, sikuingia. Nimemwambia shangazi yako hivyo kule Bariadi. Lako utamwambia mwenyewe."

Eufrasia alirudi kijijini baada ya majuma kadhaa. Alikuwa amekonda, na kidonda cha upasuaji kilimfanya atembee ameinama kidogo. Zengo ndiye aliyempeleka binti yake. Walimkuta amekaa barazani. Milembe alipiga goti, akamsalimia, na akiwa bado ameinamisha kichwa alisema yote tangu kisigino mpaka taa nyekundu. Eufrasia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Twende," Zengo alisema.

Mwezi wa pili pamba ilikuwa imefika magotini na magugu yalikuwa yakiikaba. Eufrasia alikuwa bado hawezi kuinama muda mrefu, na mumewe peke yake hakulimudu shamba. Kila siku baada ya shule Milembe alichukua jembe, akaenda huko bila kuitwa. Alianza mstari wa mwisho, mbali na shangazi yake, akapalilia mpaka giza lilipokaribia. Hakuna aliyemsemesha. Kesho yake alirudi. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu.

Alasiri moja kivuli kilisimama juu ya mstari wake. Eufrasia alikuwa ameshika kibuyu cha maji. Akampa. Milembe akapokea kwa mikono miwili, akanywa.

"Unakata mizizi ya pamba hapa," Eufrasia alisema, akionyesha. "Jembe lilaze."

"Sawa, shangazi."

Eufrasia hakuondoka.

"Nimekuwa nikifikiri la kukuambia," alisema. "Kwa ile sola nisingekugombeza. Kitu huvunjika mkononi mwa mtu yeyote, na ile ilikuja imeshaharibiwa na maneno ya aliyeileta. Ungesema siku ile ile imepasuka, tungenung'unika, tungeita fundi, ingekwisha. Lakini ulisema ni nzima. Sisi tukaweka uzito wetu wote juu ya neno lako, kama mtu anayekanyaga daraja aliloambiwa ni imara. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Kitu kibovu kinachojulikana ni kibovu, watu watajipanga. Kitu kibovu kinachosemwa ni kizima ndicho kinachoua. Likumbuke hilo ukiwa nesi kama mama yako, ukiwa mwalimu, ukiwa mwuza duka. Usimwambie mtu kitu ni kizima kwa sababu unaogopa, wala kwa sababu unataka akupende."

Milembe alilia kimya, machozi yakidondoka kwenye mpini wa jembe.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Eufrasia alichukua kibuyu, akakifunga kizibo chake. Alikuwa mtu asiyesema uongo, na hata siku ile hakutaka kuanza.

"Bado," alisema. "Siku nyingine naamka nimekusamehe, siku nyingine nasikia mtoto wa jirani analia, naona bado. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na shamba hili ni kubwa."

Akatafuta mstari uliokuwa karibu na wa Milembe, akalichukua kwa uangalifu jembe lake lililokuwa kando, akaanza kupalilia. Walikwenda sambamba, polepole, mpaka mwisho wa shamba.